Kitabu cha Picha, cha Kujisomea au cha Sura: Kipi Umpe Mtoto, Kipi Uandike

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mwanangu ana miaka saba, nimtafutie kitabu gani?" La pili huletwa na waandishi wenzangu wanaoanza: "Nina hadithi ya watoto. Niifanye kitabu cha picha au niigawe sura?" Kwa muda mrefu niliyajibu kama maswali mawili yasiyojuana. Siku hizi yote mawili nayajibu kwa kuuliza: kitabu hicho kitasomwa kwa mdomo wa nani?

Umri haunisaidii sana. Ile "miaka 5 hadi 8" inayochapwa nyuma ya jalada ni makisio ya mchapishaji kuhusu mtoto ambaye hajawahi kumwona. Nimewajua watoto wawili wa miaka saba waliokaa dawati moja: mmoja alisoma hadithi nzima akiwa amejifunika shuka usiku, mwenziwe bado alikuwa akizifuata silabi kwa kidole. Ukiwapa kitabu kimoja, utamchosha wa kwanza na kumvunja moyo wa pili. Lakini ukishajua nani atasoma, na kama atasoma kwa sauti au kimya, rafu nzima inapungua na kubaki vitabu vichache vya kuchagua.

Kitabu cha picha: mtu mzima anasoma, mtoto anatazama

Hapa watu hukosea tangu mlangoni. Wakiona kitabu ni chembamba na kimejaa rangi, hudhani ndicho chepesi, wanampa mtoto anayejifunza kusoma, kisha wanashangaa anakitupa. Kitabu cha picha kimeandikwa kisomwe na mtu anayejua kusoma, akimsomea anayetazama. Kwa hiyo kinaruhusiwa neno gumu, sentensi ndefu yenye mdundo, hata utani ambao mtoto ataung'amua mwaka ujao. Mtoto wa miaka minne hawezi kulisoma neno "akajikokota". Lakini akilisikia huku anamtazama kobe aliyechoka, ameshalipata, na kesho utamsikia akilitumia kwenye viatu vyake.

Kabla ya kukichukua, soma kurasa tatu kwa sauti, palepale, usione haya. Ulimi ukikwama leo utakwama pia usiku wa thelathini, maana kitabu cha picha kikipendwa husomwa mpaka msomaji anaomba huruma. Halafu ziba maandishi kwa kiganja utazame picha peke yake. Je, inasema jambo ambalo maneno hayasemi? Kama maneno yanasema msichana alivaa gauni jekundu, na picha inaonyesha msichana mwenye gauni jekundu, basi kimoja kati ya hivyo viwili kimekuja kula tu. Kitabu kizuri huacha pengo kati ya neno na picha, na mtoto ndiye anayeingia kulijaza: "Mbona anasema haogopi, na mkia wake umejikunja?"

Maurice Sendak, mwandishi na mchoraji wa Marekani, alilifanya jambo hili waziwazi mwaka 1963, katika kitabu chake cha mtoto Max na mazimwi. Kadiri Max anavyozama katika ndoto yake, picha zinatanuka ukurasa kwa ukurasa hadi zinayameza maandishi. Jozi tatu za kurasa hazina neno hata moja. Msomaji mzima hapo hana la kusoma, na mtoto ndiye anayeshika usukani. Ukijaribu kukisimulia kitabu hicho kwenye simu, bila picha, utaona kimekatika katikati.

Kingine cha kutafuta ni mahali pa mtoto kuingilia: kibwagizo kinachorudi, au tanakali ya sauti. Kiswahili kimejaliwa hapa. Giza likiwa totoro, jiwe likitumbukia chubwi, mtoto wa miaka mitatu tayari ni msomaji mwenzako, kwa sababu ukifika pale unanyamaza yeye analisema. Mimi nikikuta kitabu cha watoto wadogo cha Kiswahili hakina tanakali hata moja, huwa najiuliza kama kilifikiriwa kwa lugha hii au kilihamishwa tu.

Vile vya kadi ngumu, vya watoto wachanga, sitavisemea sana. Vitatafunwa. Angalia kama pembe zimeviringwa, kama kurasa zinageuzika na kidole kinene, na kama kuna nyuso za watu, inatosha.

Kitabu cha kujisomea: kidole chini ya neno

Hiki ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kigumu kuliko vyote kukiandika. Mdomo hapa ni wa mtoto mwenyewe. Anasoma kwa sauti, polepole, na akifika mwisho wa sentensi ndefu ameshasahau ilianzaje. Kila neno analolishinda ni ushindi wake, na kila neno linalomshinda analihesabu.

Dr. Seuss, mwandishi wa Marekani, ndiye hutajwa kila mara. Mwaka 1957 alitoa hadithi ya paka mwenye kofia iliyojengwa kwa maneno 236 tofauti tu ya Kiingereza. Mwaka 1960 akatoa nyingine yenye maneno 50 tofauti, na kati ya hayo 49 yana silabi moja. Waandishi wa Kiswahili huisikia habari hii wakasema, nami nitaandika kwa maneno hamsini. Jaribu uone. Maneno yetu ya silabi moja ni na, ni, si, tu, la, wa na jamaa zao, na hayo hayajengi hadithi. Isitoshe, Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. "Hawakumsikiliza" ni neno moja kwenye hesabu, lakini ni silabi nane mdomoni mwa mtoto.

Ndiyo maana kwa Kiswahili nashauri tuhesabu silabi, tuache kuhesabu maneno. Neno la silabi mbili au tatu, lenye konsonanti moja na irabu moja kila silabi, ndilo tofali letu: paka, kuku, moto, kiti, lala, tafuta. Kisha angalia urefu wa vitenzi. "Kuku alilala. Paka alimwona" linasomeka, "Paka alipomkaribia kuku aliyelala" linamzamisha mtoto, ingawa kwa mtu mzima sentensi ya pili ndiyo tamu. Na usidanganyike na ufupi: "mbwa" ni herufi nne tu, lakini konsonanti tatu zimejazana mbele ya irabu moja. "Ng'ombe" nalo lina alama ndogo katikati ya herufi ambayo mtoto bado hajaambiwa kazi yake. Maneno hayo usiyatupe. Yalete moja moja, na ukishalileta moja lirudie mara tatu nne kurasa zinazofuata, ili mtoto alikute tena akiwa ameshalijua.

Faida tuliyonayo ni kubwa mno kutoitaja: Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto aliyezijua silabi anaweza kutamka neno lolote lililo mbele yake, hata asilolijua maana. Hapo ndipo pa kuwa macho unapochagua. Mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kosa, na asiwe ameelewa kitu. Akimaliza, funga kitabu umuulize nini kimetokea. Akianza kukusimulia kwa maneno yake, kitabu kinamfaa. Akikurudishia sentensi ileile kama kasuku, mpe chepesi zaidi.

Wengi hutumia kanuni ya vidole vitano: mtoto anafungua ukurasa wowote, anainua kidole kila neno linapomshinda, na vidole vikifika vitano kitabu ni kigumu. Kanuni hiyo naipenda kwa vitabu vyenye ukurasa uliojaa. Kwa kitabu cha kujisomea chenye maneno ishirini ukurasani, vidole vitano ni robo ya ukurasa. Mimi huishia viwili.

Macho yako yaangalie pia mistari inavyokatwa. Mstari mzuri hukatika pale pumzi inapokatika. Mstari unaoishia kwa "na" au "cha", halafu nomino ikaanguka mstari wa chini, umemwekea mtoto kisiki njiani. Hapo mwandishi anaweza kulaumiwa kwa kosa la mpangaji wa kurasa, lakini mtoto hamjui mpangaji.

Kitabu cha sura: sauti ikiwa kichwani

Mtoto akianza kusoma bila kutikisa midomo, mlango mwingine umefunguka. Sasa picha zinaweza kuwa chache, nyeusi na nyeupe, hata zisiwepo. Anachotaka ni sura fupi anayoweza kuimaliza kwa kikao kimoja, na jambo lililoachwa wazi mwishoni. Vitabu vya kwanza vya aina hii, kwa Kiingereza, huwa na maneno kama 5,000 hadi 15,000. Riwaya za watoto wa miaka 8 hadi 12 hupanda hadi 30,000 au 50,000. Kwa Kiswahili hesabu hushuka kwa sababu ile ile ya vitenzi vyetu vinene.

Jinsi ya kumpima mtoto hapa ni rahisi: mwache na sura ya kwanza, uondoke. Ukirudi ukamkuta sura ya pili, usiseme neno.

Tatizo ninaloliona mara nyingi ni wazazi wanaokigeuza kitabu cha sura kuwa cheti cha kukua. "Wewe mkubwa sasa, hivyo vya picha muachie mdogo wako." Jambo hili huniudhi, niseme kweli. Sikio la mtoto hutangulia jicho lake kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka mitano asiyejua kusoma anaweza kusikiliza kitabu cha sura, sura moja kila usiku, akakumbuka kila mhusika kuliko wewe. Na mtoto wa miaka tisa anayesoma vizuri bado ana mengi ya kuona katika kitabu cha picha, hasa yale ambayo hayakuandikwa. Aina hizi tatu hazipangwi kama ngazi. Nyumba moja inaweza kuwa nazo zote kwa wiki moja, kwa mtoto mmoja.

Ukisimama mbele ya rafu

Kama wewe ndiye utasoma, na mtoto yupo pembeni yako, chukua cha picha, hata kama ana miaka minane. Kama mtoto anataka kukusomea wewe, chukua cha kujisomea, tena kilicho chepesi kidogo kuliko uwezo wake. Hamu ya kusoma hukua kwa kushinda. Kama mnataka safari ndefu ya usiku mwingi, chukua cha sura ukisome wewe. Kama anataka kuachwa peke yake, mwachie achague mwenyewe cha sura, na ukubali kwamba jalada ndilo litakalomvuta.

Yupo pia yule anayejua kusoma ila hataki. Huyo usimpe kitabu kinene "cha kumkomaza". Hadithi za katuni, vitabu vya wanyama, vya magari, vya vichekesho, vyote ni kusoma. Na vile visivyo na maneno kabisa ni dawa nzuri kwa nyumba ambayo mtu mzima mwenyewe hasomi kwa urahisi: wote wawili wanakuwa sawa mbele ya ukurasa.

Ukibaki na vitabu viwili vinavyofaa kwa mdomo, amua kwa yaliyomo. Msomi wa Marekani Rudine Sims Bishop, mwaka 1990, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo ambamo mtoto anajiona, dirisha la kuwatazama wengine, au mlango wa kioo wa kuteleza, anaopita akaingia maisha yao. Mtazame mtoto wako ana vingapi vya kila aina. Aliyejaa madirisha na hana kioo hata kimoja huanza kuandika hadithi zenye watoto wasiofanana naye, kwa majina asiyoweza kuyatamka. Nimezisoma hadithi hizo nyingi, nami pia niliwahi kuziandika.

Kwa mwenzangu mwenye mswada

Sasa wewe unayeandika. Wengi huanza na kitabu cha picha kwa kudhani ni njia ya mkato, maana kina maneno machache. Hesabu iko hivi: kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili zikatoa 32. Ondoa ukurasa wa jina, wa haki za uchapishaji na vingine, utabaki na kurasa 24 hadi 28 za hadithi, yaani jozi kama kumi na mbili hadi kumi na nne zinazotazamana. Kila mgeuzo wa ukurasa lazima uwe na sababu. Hakuna pa kujificha.

Chukua karatasi nane, zikunje katikati, uzipachike moja ndani ya nyingine. Una kurasa 32 mkononi. Gawa mswada wako humo kwa penseli. Ukikuta jozi tatu mfululizo ambazo mhusika amekaa chini anafikiri, mchoraji wako atachora nini? Pengine hadithi yako si mbaya. Imevishwa nguo isiyo yake.

Yangu ilikuwa hivyo. Niliandika "kitabu cha picha" chenye maneno elfu moja mia tisa kuhusu msichana aliyeficha barua. Mhariri alinirudishia na mistari mitatu, mmoja wao ukisema hakuona picha. Nilikasirika wiki nzima, kwa sababu mimi niliziona picha kila usiku. Kisha nikamsomea mtoto wa jirani. Hakuuliza kuhusu nguo wala nyumba wala sura ya msichana. Aliuliza, "Na kesho yake?" Hapo ndipo nikajua nilikuwa na sura ya kwanza mikononi.

Kuna waandishi wawili ninaopenda kuwakumbusha wenzangu, kwa sababu hadithi zao zilianza mahali pamoja zikaishia aina mbili. Mwaka 1893 Beatrix Potter, Mwingereza, alimwandikia mtoto mgonjwa barua yenye michoro kuhusu sungura aitwaye Peter. Baadaye wachapishaji waliikataa, naye mwaka 1901 akachapa nakala 250 kwa fedha zake. Mwaka 1902 mchapishaji akaitoa kwa rangi. Kule Sweden, mwaka 1941, Astrid Lindgren alikuwa akimsimulia binti yake aliyelala mgonjwa, na binti ndiye aliyebuni jina la Pippi, msichana wa hadithi hiyo. Mwaka 1944 Lindgren aliumia kifundo cha mguu, akiwa kitandani akaanza kuiandika hadithi hiyo. Mchapishaji mmoja mkubwa aliukataa mswada huo. Mwaka 1945 ukashinda shindano la mchapishaji mwingine, ukatoka.

Watu hutoa visa hivi kufariji tu: nao walikataliwa. Mimi huona jambo jingine. Potter alianza na barua, kitu kinachoisha kwenye karatasi chache na kinachobeba michoro. Ikawa kitabu kidogo cha picha. Lindgren alianza na masimulizi ya siku nyingi kwa mtoto aliyezidi kudai zaidi. Yakawa kitabu cha sura. Namna hadithi ilivyotoka mdomoni mara ya kwanza ndiyo iliyochagua aina. Kwa hiyo jiulize: yako ilitokaje? Uliisimulia mara moja na mtoto akasema "tena"? Hiyo ina harufu ya kitabu cha picha. Alisema "halafu"? Andika sura.

Jambo la kiutendaji ambalo huwaokoa wengi: kama huchori, usihangaike kumtafuta mchoraji kabla ya kupeleka mswada wa kitabu cha picha kwa mchapishaji. Kwa kawaida mchapishaji humchagua mwenyewe. Usijaze mswada maelekezo ya rangi za mapazia. Andika maelezo kwa mchoraji pale tu ambapo bila hayo hadithi haieleweki, kama pale maneno yanapodanganya kwa makusudi na picha ndiyo inayosema kweli. Ukijichapia mwenyewe, mambo ni tofauti: mchoraji ni mshirika wako, na mkataba wa maandishi uje kabla ya mchoro wa kwanza.

Halafu kuna kutiana moyo. Nako kuna aina mbili, na zinatofautiana kama vitabu vyenyewe. Aina ya kwanza ni "nzuri sana, endelea hivyo hivyo." Haigharimu kitu, na mwandishi akirudi mezani haimsaidii kujua aendelee na nini. Aina ya pili ni kumwambia mwenzako ulichokiona: "Nilipofika pale mbuzi anapofungua mlango nilicheka. Kurasa mbili zilizofuata nilizipitia haraka." Sentensi mbili tu, ya kwanza ya furaha na ya pili ya kweli, na mwandishi ana kazi ya kufanya kesho asubuhi. Nilipokuwa nimeuweka mswada wangu kabatini, mwenzangu mmoja hakunisifu hata kidogo. Aliuliza tu yule msichana aliificha barua wapi. Nililazimika kuandika ili nimjibu.

Fanya hivyo hivyo unapopendekeza vitabu vya wengine. "Watoto watakipenda" haimsaidii mzazi. Mwambie nani alisoma, nani alisikiliza, ilikuwa saa ngapi, na mtoto alifanya nini kitabu kilipofungwa. Mzazi atajua mwenyewe kama nyumba yake inafanana na hiyo.

Na ukiwa bado umekwama kati ya picha na sura, mwombe mtu mwingine amsomee mtoto mswada wako, wewe kaa nyuma yao na penseli. Usimsaidie msomaji, usimweleze mtoto. Kila mtoto anapotazama mlangoni, weka nukta pembeni ya mstari. Kila anapoinama kuitafuta picha ambayo haipo kwenye karatasi, weka duara. Wakimaliza, ondoka na karatasi zako, ukahesabu maduara.